Wanatufundisha kwa Kiswahili, wanatuonya kwa Kifaransa

Simama kidogo mbele ya duka lolote katika komini ya Kenya ao ya Katuba, hapa Lubumbashi, usikilize vile watu wanaomba vitu. Mutoto anatumwa kununua omo, mwenye duka anamuuliza: "Omo gani?" Mwanafunzi anataka biki, anaondoka na kalamu yenye jina lingine kabisa. Mwingine anataka kolgate, anapewa dawa ya meno ambayo kampuni ya Colgate haiijui hata kidogo. Na mama mumoja atasema bila kucheka: "Unipatie omo, lakini hapana Omo, ile ingine ya bei chini." Mwenye duka anaelewa mara moja, hakuna mabishano.

Tuangalie simu pia. Kampuni iliyoingia kwetu na jina la Celtel iligeuzwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Rangi zilibadilishwa, kuta zikapakwa upya, kadi zikachapishwa upya, redio ikaimba upya. Lakini mpaka leo utakuta wazee wanaosema Celtel, na kila mutu anajua wanasema nini. Makuta yote yale ya rangi hayakuweza kutoa kichwani jina lililoingia la kwanza.

Hayo yote yanachekesha, lakini ndani yake kuna jambo la maana. Tunafikiri tunachagua kitu wakati tuko mbele ya mwenye duka, franka ku mukono. Kumbe mara mingi tulichagua kitambo: siku tulisikia wimbo, siku mama alitutuma, siku tuliona ukuta wenye rangi tukienda ku masomo. Mbele ya duka tunakumbuka tu. Basi inafaa tuulize: nani alitufundisha, na alitufundisha kwa luga gani?

Vile kichwa kinajifunza

Wenye biashara kubwa hawakuanza jana kuchunguza mambo ya kichwa cha mununuzi. Mwaka 1885 Mujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kukumbuka. Alijipima yeye mwenyewe: alishika kwa kichwa orodha za silabi zisizo na maana, kisha akaangalia zinabakia ngapi. Aliona kwamba tunasahau upesi sana, na sehemu kubwa inapotea ndani ya siku ya kwanza. Aliona pia kwamba jambo likirudiliwa, tena likirudiliwa kwa vipindi, linashika. Njo maana tangazo halipiti mara moja ku redio. Linapita asubuhi, mangaribi, kesho, na juma lijalo.

Kisha Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni. Imbwa wake walizoea kusikia sauti fulani kila mara mbele ya kupewa chakula. Mwishowe sauti peke yake ilitosha kuwatoa mate, hata kama chakula hakikufika.

Mumarekani John B. Watson alichukua mafundisho ya namna ile akayapeleka kwa watu. Alikuwa mwalimu wa saikolojia ku chuo kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1920 alitoka pale, akaingia kazi katika kampuni ya matangazo J. Walter Thompson, kule New York, na mwaka 1924 alikuwa tayari mumoja wa wakubwa wake. Ujuzi wa kujua vile mutu anajifunza ulihamia wazi ku biashara. Na mwaka 1968 Robert Zajonc, aliyezaliwa Poland na kufundisha Marekani, alionyesha kwamba kitu tunachokiona mara mingi tunaanza kukipenda, hata kama hakuna mutu aliyetupa sababu ya kukipenda. Macho yanazoea, roho inafuata.

Sasa weka hawa wane pamoja, utapata asubuhi yetu ya kila siku. Wimbo uleule wa redio kila saa, huyo ni Ebbinghaus. Chupa ya bia inayoonyeshwa kila mara karibu na muziki, mupira na furaha ya watu, huyo ni Pavlov, na Watson njo anapokea mushahara. Ukuta wa duka uliopakwa rangi ya kampuni ya simu toka juu mpaka chini, huyo ni Zajonc. Kule Kinshasa, katika miaka ya 2000, ilifika mpaka wanamuziki wakubwa waligawanywa: Werrason upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol. Mutu aliyependa muimbaji alijikuta ana chupa yake pia. Hakuna aliyemulazimisha.

Bukari ilitufundishwa na nani?

Mutu atasema: mimi siko mutoto, tangazo haliniwezi. Ni vizuri. Lakini tuangalie sahani yetu wenyewe.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na muji wetu mwaka 1910. Wafanyakazi walitolewa mbali: Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Kila mumoja alikuja na chakula cha kwao: muhogo, mutama, maharagi, ndizi. Ku kambi walipewa mposho, na ndani ya mposho mulikuwa unga wa mahindi. Unga unabebeka kwa treni, unapimika, unawekeka. Juma kwa juma, mwaka kwa mwaka, wake zao walipika ule, watoto wao walikua na ule.

Leo mujukuu wa yule mufanyakazi anakuapia kwamba bukari ya mahindi, nyeupe na laini, njo chakula cha babu zetu. Na anasema kweli: babu alikula. Lakini babu alikifundishwa na magazini ya kampuni. Na sababu tulijifunza kupenda unga mweupe, tunauangojea sana toka Zambia, kupitia Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, bei ya mufuko wa kilo 25 inapanda hapa, na mama anakosa usingizi hata kama sokoni kuna muhogo. Wanaojua kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo wanapata nafuu. Wengine wanasema: "Bila bukari ya kweli, sikukula." Hapo siyo tumbo linasema. Ni kukumbuka.

Mimi ninapenda bukari sawa vile kila mutu wa hapa. Ninaonyesha tu vile kitu kilichofundishwa vizuri kinafika siku moja kuitwa asili. Kama mposho iliweza kubadilisha kinywa cha muji muzima, tusicheke juu ya nguvu ya wimbo wa redio.

Na wale wanaojifunza upesi kuliko sisi wote ni watoto. Mwaka 2007 wachunguzi wa chuo kikuu cha Stanford, kule California, walitangaza jaribio moja. Waliwapa watoto 63, wa miaka 3 mpaka 5, vyakula vilevile mara mbili: mara ndani ya karatasi ya McDonald's, mara ndani ya karatasi tupu. Mara mingi watoto walisema kile cha karatasi ya McDonald's njo kitamu zaidi. Hata karoti. Hawakujua kusoma bado, lakini karatasi walikuwa wanaisoma tayari. Kwetu, mutoto wa miaka mine anayeshindwa kuhesabu mpaka makumi mawili anaweza kuimba wimbo muzima wa bia, na wakubwa wanamupigia mikono.

Kukumbuka kunatusaidia, mpaka siku mutu anakuiga

Sisemi kwamba kukumbuka ni kubaya. Mama mwenye franka kidogo hawezi kujaribu sabuni sita ili ajue ile inayotoa povu. Anakumbuka ile iliyomufurahisha juzi, anairudilia, anaenda kwake. Hiyo ni akili. Na sabuni iliyomuchuna mikono hataigusa tena hata ukimupa bule, atawaambia na majirani. Mwenye kuuzisha kitu kizuri analipwa na kukumbuka kwa watu, na mwenye kudanganya anapigwa nako. Soko bila kukumbuka lingekuwa soko la wezi tu.

Taabu inaanza pale. Kichwa hakishiki maandishi. Kinashika rangi, picha, umbo la mukebe, sauti ya jina. Sasa mutu mwenye roho mubaya hana haja ya kutengeneza kitu kizuri. Inamutosha kutengeneza rangi. Nyekundu ileile, picha inayofanana, jina lenye herufi moja iliyobadilishwa. Mununuzi anapita, jicho linasema "ninakijua", mukono unatoa franka.

Ikiwa ni sabuni, utapoteza franka na nguo moja. Ikiwa ni dawa, ni kitu kingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya katikati, karibu dawa moja katika kumi ni ya uongo ao haina ubora unaotakiwa. Na kwetu Congo tuko na fundisho letu wenyewe. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na Agosti 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1000 walipelekwa ku hospitali: shingo inajikaza, uso unajipinda, ulimi unatoka inje. Kwanza ilifikiriwa kwamba ni menenjiti. Kisha wachunguzi wakaona: walimeza vidonge vidogo vya rangi ya njano, mukebe wake umeandikwa diazepamu, lakini ndani mulikuwa haloperidol, dawa ya nguvu ya magonjwa ya akili. Wamoja walikufa. Wale watu hawakuwa wajinga. Hata wale waliowapa vidonge waliamini kile mukebe ulisema. Wote walitegemea kile ambacho sisi wote tunategemea kila siku: kukumbuka kwamba kitu cha namna hii njo kile.

Upande wa mbele na upande wa nyuma

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Chukua mukebe wowote wa maziwa, chupa yoyote, karatasi yoyote ya dawa ndani ya nyumba yako. Upande wa mbele uko na rangi, picha na jina kubwa. Wimbo wake ku redio ni wa Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha hapa, chenye vichekesho vyetu na sauti ya mama wa soko. Ni wimbo unaoingia na hautoki.

Geuza upande wa nyuma. Hapo njo kuna mambo ambayo yanaweza kukuokoa: tarehe ya mwisho, namna ya kuchanganya, mutoto wa kilo ngapi ampewe kiasi gani, nani hapaswi kutumia. Hapo Kiswahili kimekufa. Unakuta Kifaransa cha herufi ndogo sawa sisimizi, ao Kingereza kwa vitu vinavyopitia Kasumbalesa, ao Kichina peke yake. Hata tangazo la bia, likifika ku maneno ya kuonya, mara mingi linaruka gafula ku Kifaransa, linayasema mbio mbio kama mutu anayekimbia mvua, kisha wimbo wa Kiswahili unarudi.

Kwa hiyo tunajifunza nusu. Kile kinachowafalia kimeimbwa kwa luga ya mama zetu, kinarudiliwa mara mia. Kile kinachotufalia sisi kimeandikwa mara moja, kwa luga ya ofisi. Ebbinghaus mwenyewe angejua jibu: kipi kitabakia kichwani? Wenye makampuni wanajua vizuri kwamba Kifaransa hakiuzishi ku soko la Mzee. Kama wanajua hakiuzishi, wanajua pia hakionyi.

Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inasema Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo ni luga za taifa, na Serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Luga ya taifa haiwezi kuwa nzuri kwa kuchukua franka za watu, kisha ikawa haifai kwa kulinda afya yao.

Majibu kwa wale watakaokataa

Wa kwanza watasema: kuchapisha upya ni bei kali. Lakini tunaona kila mwisho wa mwaka chupa na mikebe vinabadilishwa sura juu ya Noeli, juu ya mashindano ya mupira, juu ya tombola. Franka za rangi zinapatikana. Mistari mitatu ya Kiswahili haiwezi kufunga kiwanda.

Wa pili watasema: Kiswahili gani? Kiswahili bora ao kile cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Kisangani? Jibu ni rahisi: kile ambacho ulitumia ku wimbo wako wa kuuzisha. Siku ya kuuzisha hakuna aliyepotea.

Wa tatu watasema: watu wasome Kifaransa, njo maendeleo. Wasome, hakuna anayekataa, na gazeti hili linaandikwa kwa Kifaransa kila siku. Lakini mutoto mwenye homa anakunywa dawa usiku wa leo. Hawezi kungojea mama yake amalize darasa la sita.

Wa ine, na hawa ninawasikiliza zaidi, watasema: makampuni yanaleta kazi na kodi, msiyafukuze. Hakuna anayeyafukuza. Dunia yenyewe ilikubali kitambo kwamba kuna mahali tangazo linapaswa kusimama. Mwaka 1981 mukutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni zinazokataza kutangaza kwa watu wote maziwa ya kubadilisha maziwa ya mama. Wale waliozipitisha walijua kwamba mama akishafundishwa kwamba mukebe ni bora kuliko ziwa lake, kumufundisha upya ni kazi ya miaka mingi. Maziwa yenyewe hayakukatazwa. Wimbo wake njo ulikatazwa.

Kitu gani kifanyike

Kwanza, kila dawa na kila chakula cha watoto kinachouzishwa upande huu wa nchi kiandikwe kwa Kiswahili mambo mane: ni kitu gani, kinaisha lini, kiasi gani, nani asitumie. Office congolais de contrôle, OCC, iko tangu mwaka 1974 na iko ku mupaka. Inapima vitu vinavyoingia. Ipime na maandishi.

Pili, redio. Tangazo likiimbwa kwa Kiswahili, onyo liimbwe kwa Kiswahili pia, kwa mwendo uleule. Hatukosi mufano. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, redio zilirudilia maneno ya kunawa mikono kwa Kiswahili na kwa luga zingine za pale, siku kwa siku, na watu wakazoea ndoo ya maji mbele ya mulango. Kichwa kilekile kinachoshika wimbo wa bia kilishika na sabuni.

Tatu, masomo na nyumba. Ukuta wa masomo usiuzishwe kwa rangi ya kampuni yoyote, hata kama kampuni inatoa rangi bule. Mwalimu anaweza kuleta mukebe mutupu darasani na kuuliza watoto: tarehe iko wapi? Hii rangi inakukumbusha nini? Kile kimebadilishwa hapa ni herufi gani? Muzazi anayetuma mutoto ku duka amufundishe kugeuza kitu upande wa nyuma mbele ya kutoa franka. Kugeuza kunajifunzwa sawa vile wimbo unajifunzwa: kwa kurudilia.

Na kwa wenzetu wanaotengeneza vitu hapa kwetu, wale wa unga, wa sabuni, wa asali, wa maji ya matunda: musikatae kujifunza somo hili. Mutu akipenda unga wako leo, kesho akakuta mufuko wa rangi ingine, juma lijalo unga mwenye muchanga, hatakumbuka kitu, atarudi ku ule wa Zambia. Rangi ileile, kipimo kilekile, ladha ileile, miaka kumi. Hakuna wimbo unaoshinda hiyo. Na mukiandika upande wa nyuma kwa Kiswahili kinachosomeka, mutakuwa na kitu ambacho wageni hawajapata: mununuzi anayewakumbuka kwa sababu muliheshimu macho yake.

Kama wimbo wa chupa unaweza kuingia katika kichwa cha mutoto wa miaka mine bila yeye kuutafuta, tarehe ya mwisho ya dawa inaweza kuingia pia. Redio iko, luga iko, vichwa viko. Kinachokosekana ni mutu wa kulipa ule wimbo, na hatutachoka kuuliza kwa nini analipa mumoja tu.